Mtoto Niliyemwandika Kuwa Amefichwa

Sumbawanga, Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Gaudensi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Asubuhi nimekuacha mezani ukimaliza viazi vyote na kumwachia mdogo wako maganda. Yangu nayo unaijua: mguu unauma kukiwa na baridi, na hapa kwetu baridi haina likizo. Kwa hiyo tusipoteze karatasi.

Ninaandika sasa hivi kwa kuwa umekwenda Malangali kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mtu aondoke mpaka ale mara mbili. Baba yako yuko stendi anahangaikia tiketi ya basi la kesho alfajiri. Nyumba imetulia, nikaona nisipoandika leo sitaandika tena.

Ya blanketi sirudii. Ya kufunga begi kwa kufuli, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya misa ya Jumapili, yote nimeshasema na nimekuona ulivyokuwa unazungusha macho. Dar es Salaam ina watu wazima wengi, watakufundisha. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba wiki nzima mdomoni kama mtu mwenye jino bovu.

Jumatatu ulirudi kutoka kwenye lile duka jipya la intaneti na karatasi mkononi. Ukatusimamisha wote, hata bibi yako, ukatusomea barua ya mhadhiri wako wa huko chuoni. Amesema insha yako ya maombi imemvutia. Amesema hakujua kwamba mwandishi wa ile makala uliyoinukuu mwanzoni ni mama yako mzazi, na kwamba makala hiyo wanaisomesha mwaka wa kwanza kila mwaka. Anataka wewe ndiye uiwasilishe mbele ya darasa wiki ya pili. Baba yako alipiga makofi. Bibi yako akauliza makala ni nini. Na mimi nikasema mboga imezidi chumvi, nikaondoka mezani.

Ulikasirika, usinikatalie. Ulimwambia mdogo wako, "Mama naye, hajui kufurahi." Nilisikia, nilikuwa jikoni.

Sasa nikwambie kwa nini sikufurahi. Ile sentensi uliyoinukuu, ile ya kusema kwamba wazazi wa uwanda huu wa Ufipa huwaficha watoto wao walemavu ndani kwa sababu ya aibu, si kweli. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu na akili zangu timamu, na si kweli.

Ngoja kwanza. Usiitupe barua. Nikueleze ilivyokuwa.

Wewe ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Mambo ya nchi yalikuwa yamegeuka. Mshahara wa ualimu chuoni ulikuwa unaisha kabla ya tarehe kumi, maduka yamejaa vitu tulivyokuwa hatuvioni zamani, na kila mtu mwenye elimu kidogo alikuwa anatafuta kazi ya ushauri kwenye mradi. Mimi nami. Ukapita mradi mmoja wa elimu, wakataka mtu wa kuwaandikia habari za watoto walemavu vijijini: wako wangapi, kwa nini hawaonekani shuleni. Nikapewa gari jeupe, dereva, na siku tatu. Siku tatu, baba! Mtu hata kupanda matuta ya maharage hamalizi kwa siku tatu.

Tukaenda kijiji kimoja upande wa Mpui, jina lake nitakutajia tukionana. Utaratibu ulikuwa, na mpaka leo ndio huo, kwamba mtafiti hafiki kijijini akaanza kugonga milango. Unaripoti kwanza ofisini kwa mtendaji wa kijiji, unaonyesha kibali, unaandika jina kwenye kitabu cha wageni, kisha mtendaji mwenyewe ndiye anayekuongoza nyumba kwa nyumba. Nilifanya vyote kwa adabu. Kabla ya kuanza nyumba hizo tulipita shuleni, mwalimu mkuu akatuchinjia kuku. Tukiwa tunakula akaniambia, "Mama, hawa wazazi wetu bwana, tatizo ni wao. Wanaficha watoto. Wanaona aibu." Nikaandika kwenye daftari palepale, na mafuta ya kuku vidoleni. Nisikilize vizuri hapa: niliandika jibu kabla sijaingia nyumba hata moja.

Nyumba ya nne au ya tano ilikuwa ya mama mmoja, Mama Oresta. Wakati ule sikujua kama anaitwa hivyo. Alitupokea vizuri, akatoa vigoda, akatuletea togwa. Nikafungua hojaji yangu, mtendaji amekaa pembeni na lile daftari lake kubwa.

"Una watoto wangapi, mama?"

"Watatu."

"Wote wazima? Wote wanasoma?"

"Wote."

Mara tukasikia mtoto anacheka ndani. Cheko la wazi kabisa, la mtoto mkubwa. Yule mama akashtuka, akasema ni kuku. Haya, kuku anacheka! Mtendaji akanitazama, mimi nikamtazama, tukaelewana. Na nikuambie ukweli ambao sijamwambia hata padri: nilifurahi. Nilikuwa nimempata mtoto wangu wa kuandikia.

Nikarudi mjini nikaandika ripoti. Kisha nikaipanga upya ikawa makala, nikaituma kwenye jarida la nje, wakaichapa. Wewe unayakumbuka mambo haya kwa upande wako. Ulipougua surua nilikuwa Mbeya kwenye warsha, nikiwahutubia watu kuhusu wajibu wa mzazi kuwa karibu na mtoto wake. Bibi yako ndiye aliyekukesha. Huyo bibi unayemcheka kwamba hajui makala ni nini.

Makala ikaenda. Ikaanza kunukuliwa. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anasoma nje alikuwa ananitumia nakala kwa posta, amezizungushia jina langu kwa kalamu nyekundu. Mwanzoni nilikuwa nazisoma kwa raha, nazipanga kwenye lile faili la kijani. Baadaye nikaanza kuona vituko. Wa kwanza aliandika kwamba nilifanya utafiti katika kijiji kimoja mkoani Rukwa. Sawa. Wa pili, aliyemnukuu wa kwanza bila kunisoma mimi, akaandika mkoani Rukwa. Wa tatu akaandika Tanzania. Nikaja kupata kitabu kizuri, jalada gumu, kinasema kwamba barani Afrika wazazi huwaficha watoto walemavu, na mwisho wa sentensi kuna mabano, ndani ya mabano nipo mimi. Mimi na siku zangu tatu na kuku wa mwalimu mkuu.

Nilicheka, Gaudensi. Niliwasimulia wenzangu chuoni tukacheka wote. Sikuona ubaya wake.

Ubaya nilikuja kuuona Mpui, siku ya mnada. Ulikuwa darasa la nne wakati huo. Nilikwenda kununua maharage ya jumla, na kwenye safu ya wauza maharage alikuwapo binti amekaa juu ya gunia, miguu imepooza, magongo mawili kando yake. Anauza kwa mdomo! Anaita watu kwa majina, anamtania huyu, anamgombeza yule aliyeshikashika bila kununua. Kila mtu pale anamjua. Nikasogea, nikauliza bei. Kabla hajajibu, mama aliyekuwa nyuma yake akasimama.

"Wewe si yule wa gari jeupe?"

Nikamtazama. Nikamwambia mimi nimepanda magari mengi.

"Yule uliyekuja na mtendaji. Ukanywa togwa yangu."

Nikakumbuka. Nikamwangalia binti, nikamwangalia yeye. Nikasema, tena kwa sauti ya kimwalimu, Mungu anisamehe, "Kumbe siku hizi humfichi tena."

Lo! Yule mama alinijia juu, na soko zima likageuka. "Nimfiche nani? Oresta? Uliza watu hapa! Huyu anakwenda kanisani kila Jumapili kwenye baiskeli ya mjomba wake. Huyu amekulia mnadani hapa. Nilimfungia siku moja tu tangu nimzae, siku moja, na ni siku uliyokuja wewe!"

"Kwa nini mama?"

"Kwa nini! Ulikuja na nani?"

Ndipo akanieleza, na sauti ikapungua. Mwezi ule mtendaji alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kukamata wazazi wenye watoto wa umri wa shule ambao hawajaandikishwa. Asiyekuwa na maelezo alichukuliwa mbuzi. Na Oresta hakuwa ameandikishwa. Si kwa sababu mama alikataa. Alimpeleka mara tatu, amembeba mgongoni, na mara zote tatu mwalimu mkuu, yuleyule wangu wa kuku, alimwambia amrudishe, kwa kuwa choo cha shule ni cha shimo na hakuna wa kumbeba mtoto kumpeleka. Kwa hiyo siku lilipoonekana gari na mtendaji na mwanamke mwenye karatasi, alimfungia mtoto chumbani ili kuokoa mbuzi.

Kisha akaniuliza swali moja. "Na wewe, mama, una mtoto?"

Nikasema ninaye.

"Wangekuja kwako hivyo, ungesema unao wangapi?"

Nilinunua maharage mengi kuliko niliyoyahitaji, tukayala mpaka ukaanza kulia ukiyaona. Hiyo ndiyo sababu ya maharage yale, leo nakwambia.

Unaona kosa langu lilipo? Si kwamba nilidanganya. Nilisikia vizuri, niliandika nilichosikia. Ila nilimwendea mama yule nikiwa bega kwa bega na mtu anayemwogopa, halafu woga wake nikauita aibu. Mtoto alifichwa, ndiyo. Alifichwa nisimwone mimi. Na sikuuliza swali jepesi ambalo jirani yeyote angenijibu: huyu mtoto siku nyingine anakuwa wapi?

Na matokeo yake hayakubaki kwenye vitabu. Mradi ulisoma ripoti yangu, ukaona tatizo ni wazazi, ukaleta semina za kuwaelimisha wazazi. Walikuja na fulana na soda. Wazazi walikaa chini wakaelezwa wasione aibu, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na fulana. Choo hakikujengwa hata kimoja.

Baada ya siku ile nilifanya jambo dogo. Nilirudi kijijini bila gari na bila mtendaji, nikapanda basi la mnada. Mwalimu mkuu alikuwa mwingine, mama wa makamo, mtu wa maana. Mimi, yeye, Mama Oresta na fundi seremala tukasimama mbele ya kile choo tukabishana nusu siku. Fundi akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu na vishikio viwili. Basi. Kiti! Oresta akaanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, anawazidi wenzake kimo hata akiwa amekaa. Na mwaka uliofuata wakaandikishwa wengine wawili, mmoja mwenye miguu kama yake na mmoja mwenye uoni hafifu, wazazi wamewaleta wenyewe bila kuitwa. Walikuwa wanasubiri tu shule iwe tayari.

Ungedhani hapo nilikaa nikaandika makala ya kusahihisha. Sikuandika, mwanangu. Hili ndilo linaloniuma kuliko lile la kwanza. La kwanza nilikosea kwa haraka. Hili nilikosea taratibu, mwaka baada ya mwaka, najua ninachofanya. Faili langu la kupandishwa cheo lilikuwa mezani kwa wakubwa, na kitu kilichokuwa kinalipa uzito ni ile makala moja. Makala zangu nyingine, zile nilizozifanya kwa jasho, za kufundisha watoto viziwi katika darasa la kawaida, ambazo nilikaa na watoto wale miaka miwili, hakuna aliyezinukuu. Nilizituma kwa watu, nikazitaja kwenye mikutano, kimya. Wanataka ile. Basi nikajiambia nimeshalipa kwa kile kiti. Nikapanda cheo. Ukumbini walinisifu kwa maneno mazuri sana siku ile, na wewe ulivaa tai ya baba yako.

Halafu Jumatatu ukasimama hapa mezani na karatasi yako, ukasoma sentensi yangu kwa sauti, kwa sauti yako ile nzito ya juzi juzi. Nilikuwa nimezoea kuiona kwa wageni. Kuisikia kinywani mwako ni jambo jingine. Niliona unakwenda kuijenga juu yake kazi yako yote, na wanafunzi wako watajenga ya kwao juu ya yako.

Jumanne uliniuliza nakwenda wapi nikasema nina kikao. Nilikuwa sina kikao. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za kusahihisha, nikapanda basi kwenda Mpui kumsomea Mama Oresta kabla sijazituma. Nilisoma kwa Kiswahili, nikifika pagumu nikageuza Kifipa. Mama alisikiliza amekunja mikono mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Ila umechelewa." Nikasema ndiyo, nimechelewa.

Oresta alikuwapo. Ni mwanamke mzima sasa, ana cherehani yake kwenye baraza la duka, na anawafundisha ushonaji wasichana wawili. Akasema, "Shikamoo mwalimu, lakini mbona hujaandika nilikuwa nacheka nini?"

Nikamwambia sijui alikuwa anacheka nini.

"Si ungeuliza! Mlango ulikuwa na ufa, nawaona wote. Mtendaji alikaa kwenye kigoda alichokuwa anaatamia kuku wetu, akayapasua mayai. Anajipangusa huku nyuma akidhani hamumwoni, na wewe unaandika tu, unaandika, hunyanyui kichwa."

Mama yake akaanza kucheka, mimi nikafuata, tukacheka watu watatu mpaka wale wasichana wakaacha kushona. Nimeliongeza hilo kwenye masahihisho. Mhariri akilikata, alikate. Miaka yote hiyo nimeandika habari za mtoto asiyeonekana, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatuona wote.

Jana nimeyapeleka posta. Sijui kama watayachapa. Pengine watayabana kwenye ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo. Pengine chuoni wataniita waniulize ya cheo. Waniite. Nimelala usingizi mzuri jana, usingizi ambao sikuupata muda mrefu, hata baba yako ameuliza kulikoni.

Nakala nimeiweka kwenye begi lako, katikati ya yale mashati mawili ya mtumba niliyoyapiga pasi.

Sikwambii uwe mtafiti wa namna gani. Utakosea ya kwako, na yatakuwa tofauti na yangu, kwa hiyo yangu hayatakusaidia sana. Ninachotaka kukuambia ni kwamba nina furaha. Nilipokuona na barua ile mkononi nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, na hofu ndiyo iliyotoka mdomoni kwa jina la chumvi. Mboga ilikuwa nzuri. Umepata ulichokitafuta kwa akili yako, si kwa sentensi yangu. Insha yako niliisoma yote uliposinzia, na ile sehemu yako ya watoto wa darasa ulilojitolea kufundisha pale Malangali, yule uliyemsogeza karibu na dirisha akaanza kusoma, hiyo imenishinda mimi kwa mbali. Uliwatazama kwanza, ukaandika baadaye. Mimi nimejifunza hilo nikiwa na mvi.

Sasa wiki ya pili inakuja. Mhadhiri ataitoa ile makala, ataigawa, atakuita mbele. Najua wewe. Utataka kunilinda. Utapunguza maneno, utasema mama aliandika kwa nyakati zake, mazingira yalikuwa magumu. Usifanye hivyo. Kuna mtu mle darasani atakayepelekwa kufundisha kijijini, na siku atakapomwona mama amebeba mtoto mgongoni mlangoni pa shule, atamtazama kwa macho niliyompa mimi.

Kwa hiyo ukisimama, usianze kwa kusema kwamba aliyeandika ni mama yako. Anza kwa kusema kwamba si kweli. Eleza yote, la mtendaji, la mbuzi, la choo. Wakishaelewa, wakishaanza kunikasirikia, hapo ndipo useme ni mama yako.

Aliyekuzaa, na anayekungoja umsahihishe,

Mama